Usimdanganye Mama Pindo

Mtaa mzima ulimjua Mama Pindo. Alikuwa fundi cherehani, na futi yake ya kupimia nguo haikutoka shingoni. Mdomo nao alikuwa nao. Ukichelewa kuchukua gauni lako, alikuambia, "Limekusubiri mpaka limezeeka." Mumewe, seremala mpole, alimpenda kupita kiasi.

Kisha Mama Pindo akabadilika. Akawa hapati usingizi. Akafumua nguo za wateja, akitafuta sumu ndani ya mapindo. Mwishowe akakataa maji. Midomo yake ikapasuka kwa kiu.

Seremala alikwenda kwa jirani yao, muuguzi.

"Dada, nimepata njia. Nitamwambia twende kununua vitambaa. Tukifika hospitali, wamkamate."

"Shemeji, usifanye hivyo. Anaona sumu kwenye maji. Ukimdanganya, ataiona sumu hata kwako."

"Lakini nikisema kweli atakataa!"

"Akikataa, daktari ataamua. Naye hamlazi mtu kwa nguvu eti kwa sababu anaumwa, au anawasumbua watu. Anaangalia kama kuna hatari kwa maisha yake au ya wengine. Anaangalia pia kama mgonjwa anaweza kutibiwa nyumbani."

Seremala akarudi kwake.

"Mke wangu, nataka nikupeleke hospitali. Naogopa utakufa kwa kiu."

Mama Pindo alimkazia macho. "Twende. Nikawaambie kwamba mgonjwa ni wewe."

Hospitalini, daktari alivuta kiti karibu. Hakuzungumza na mume kwanza. Alizungumza na mama mwenyewe.

"Mama, ungependa tukutibu hapa?"

"Sitaki."

"Je, nyumbani utakunywa maji, ukiyachota kwa mkono wako?"

"Hata mvua wameitia sumu."

Daktari alimpima. Mwili ulikuwa umekauka vibaya. Akamwita daktari mwenzake, naye akazungumza na mama peke yake. Wote wawili wakafikia uamuzi mmoja.

"Mama, umekataa, na nimekusikia," daktari alisema. "Lakini ukiondoka leo, unaweza kufa. Kwa hiyo tutakulaza bila ridhaa yako. Hujakosa lolote. Tutakuangalia kila siku, na hatari ikipita hatutakuzuia. Ukiona tumekuonea, una haki ya kulalamika. Tutakuonyesha pa kwenda."

Mama Pindo alilia. Alilia zaidi alipoambiwa kwamba futi haiingii wodini, kwa usalama wa wagonjwa. Seremala akainamisha kichwa mbele yake.

"Nivike mimi, nikutunzie."

Akamvika. "Ukiipoteza, utanitambua," alisema huku machozi yanamtoka.

Seremala aliivaa hata akipiga randa. Wenzake walimcheka. "Siku hizi unashona magauni?" Naye alicheka nao. Kila jioni alikwenda kumwona mkewe.

Dawa zilimsaidia. Usingizi ulirudi, hofu ikapungua, na siku moja daktari akamruhusu aende nyumbani na dawa zake. Alipofika, alimvua mumewe ile futi, akamzungushia kiunoni.

"Umekonda, baba. Nani alikuwa anakupikia?"

"Nilijipikia."

"Ndiyo maana."

Akaanza kuikunja futi mikononi.

"Nilimshuku kila mtu," alisema. "Lakini wewe uliniambia hospitali, ikawa hospitali. Hilo nililishika."

Seremala alichukua jagi. Akamimina maji kwenye glasi. Akataka kuonja kwanza, ili mkewe asiogope.

Mama Pindo akamnyang'anya glasi.

"Lete hapa. Nina kiu."