Kamba ya Asbesto kwenye Tanuri la Msimamizi

Mnanichosha na "bibi, tusimulie", kisha mnaogopa kwenda chooni peke yenu. Haya.

Shoga yangu, mfua nguo wa kiwandani, alitumwa mchana kwa msimamizi kuchukua ufunguo. Wiki ile mvuke ulifumuka mlangoni mwa boila, tangi la kuchemshia maji, ukamuua mchochea moto. Msimamizi alisema ni uzembe wa marehemu, na mjane wake akafukuzwa kwenye nyumba ya kiwanda. Kumbe kamba mpya ya asbesto, isiyoungua, ya kuzibia mlango ule aliiiba msimamizi mwenyewe, akazibia mlango wa tanuri lake la mikate.

Jikoni kwake kulikuwa giza, madirisha yamefungwa. Ndani ya tanuri kulisikika koleo la makaa likikwaruza, kama la mchochea moto.

"Bwana mkubwa, kuna nani humo?"

"Panya."

"Panya anashika koleo? Basi umwajiri."

Shoga akaligusa tanuri. Lilikuwa baridi kama mtungi. Kwaru, kwaru, ikazidi. Msimamizi akauvuta mlango kwa hasira. Ndani hamkuwa na kitu, hata majivu. Pumzi moja ya moto ikatoka, ikampiga usoni.

Alilipa kwa sauti yake. Mpaka leo akifungua mdomo aseme, hutoka mvuke tu, fsss, na ukuta ulio mbele yake hulowa.