Kapu la Msanzi Ndani ya Friza

Kifuniko cha friza la makumbusho kilikuwa na joto. Umeme ulikuwepo, mota iliunguruma, na samaki wa bosi, migebuka iliyolala humo, walikuwa wagumu kama kuni. Lakini ukikigusa kifuniko, kilikuwa vuguvugu kama ubavu wa ng'ombe.

Dominika aliurudisha mkono. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi tangu jana, alipoliingiza humo kapu la dawa la wafua chuma. Bibi Cornelia wa kijiji cha Msanzi ndiye aliyelileta, kachoka kulilea.

"Litundikeni juu ya moto," alikuwa ameonya. "Halijawahi kulala baridi. Likilala baridi, litanyonya joto la mkono uliolilaza."

Mhifadhi Modesti alicheka hadi kitambi kikatikisika. Mhifadhi! Shahada mbili, semina Arusha, semina Dodoma, na kitu pekee alichowahi kuhifadhi ni kiti chake. "Bibi, this is science. Tunagandisha, wadudu wanakufa, finish."

Na nani wa kuligandisha? Mwanafunzi wa fildi, bila shaka, yaani mtumwa mwenye kitambulisho: afagie, achemshe chai, ashike anachoogopa kushika bosi. Bila alama za Modesti hakuna kuhitimu. Dominika akalifunga kapu kwa nailoni, akalilaza.

Sasa alisimama kwenye mlango wa ofisi ya Modesti, akinong'ona. "Bosi, friza linapumua."

"Linafanya nini?"

"Sikiliza."

Fuu. Kimya. Fuu.

"Hiyo mota, mshamba wewe! Chuo kimekufundisha ushirikina?"

"Naomba nilitundike jikoni, bosi. Vidole sivisikii."

"Jaribu uone. Nakupa F, urudi kwenu Kaengesa ukapalilie ulezi na CV yako."

Akarudi, akakaa kando ya friza. Harufu ya mkaa na chuma chekundu ikaanza kupenya kwenye mpira wa kifuniko, pumzi ikazidi kuvuta kama mivukuto ya mhunzi, na kila ilipovuta, baridi ilimpanda Dominika kutoka kiganja hadi kiwiko, kutoka kiwiko hadi bega, mpaka ilipogusa titi la kushoto na moyo ukaruka pigo, naye akasema alama na zife, akafungua, akalitoa kapu likiwa la moto, halina hata chembe ya barafu.

"Weka chini!" Modesti aliingia, akampokonya. "Nalilaza mwenyewe!"

Akalisukuma chini ya migebuka, akabamiza kifuniko, akakikalia.

Damu ikarudi kwenye vidole vya Dominika, ikiuma kama siafu. Friza likanyamaza. Kisha, polepole, sauti ileile ikatokea kifuani mwa Modesti.

Fuu.

Aliinuka, mikono imegeuka rangi ya jivu, akaenda jikoni, akachota makaa mekundu ya jiko la chai kwa viganja vitupu. Hayakumuunguza. Yalizimika moja baada ya jingine.

"Ongeza mkaa, mwanangu," alisema, kwa sauti ya mzee ambaye Dominika hakumjua.

Dominika akachukua mkoba, akatoka bila alama. Getini gari la wageni wa bosi kutoka Dodoma lilikuwa linaegeshwa.

"Mhifadhi yupo, binti?"

"Shikamooni. Yupo jikoni. Tafadhali, msimpe mkono."

Wakatazamana, wakaangua kicheko. "Hawa watoto wa fildi bwana!"

Wakaingia, mikono imetangulia.