Uzi Mwekundu

Katika ukumbi wa chuo cha uhandisi, Dodoma, Msukamasomo ilikuwa kazini. Mwanafunzi akisimama mbele yake, mashine hiyo ilipima alama zake na hata mtetemo wa vidole vyake akikokotoa. Kisha ilisuka hewani nyuzi za mwanga, kama mtu asukaye mkeka: wa buluu hisabati, wa kijani vyuma, mwekundu elimujoto, yaani somo la mvuke na injini. Mkeka uliokamilika ndio uliokuwa mpango wake wa masomo wa miaka minne. Wazazi walipiga vigelegele. Tangu mashine ianze, hakuna mwanafunzi wa uhandisi mitambo aliyefukuzwa kwa kufeli.

Dakta Tusekile, aliyeiunda, alikuwa akitabasamu pamoja nao, ndipo Ng'washi, mwanafunzi wa mwaka wa nne, alipomjia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona umenuna, na umebakiza muhula mmoja?"

"Niliomba kazi kituo cha jotoardhi, kinachofua umeme kwa mvuke wa ardhini, wamenikataa. Wamesema mhandisi asiyejua mvuke ni sawa na mpishi anayeogopa moto." Ng'washi alicheka kidogo, macho chini. "Na mama ameshawatangazia majirani kuwa nimepata kazi. Nimeutazama mkeka wangu, mwalimu. Uzi mwekundu haumo. Miaka yote nilidhani uko mbele, nitaukuta."

Tusekile alijua uzi ulikokwenda. Alipokuwa mhadhiri msaidizi aliwaona vijana waliofeli elimujoto wakifunga magodoro yao siku ya matokeo, wakiondoka bila kuaga. Moyo ulimuuma. Ndipo akaifundisha mashine kanuni moja ya siri: ambaye elimujoto itamshinda, aondolewe somo hilo kimyakimya, apewe jepesi. Kanuni hiyo aliiita Huruma.

"Niliuondoa mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Mashine iliona utafeli."

"Nimewahi kufeli somo gani?"

"Hujafeli hata moja."

Ng'washi aliinama kwa adabu akaondoka.

Ukumbi ulipobaki mtupu, Tusekile alisimama mwenyewe mbele ya mashine. Aliipa alama zake za ujana, pamoja na elimujoto aliyoifeli kisha akairudia likizo nzima huku machozi yakilowesha kitabu, hadi akafaulu. Msukamasomo haikusita. Ilimsukia mkeka mzuri, laini, usio na uzi mwekundu.

Aliifuta Huruma. Lakini waliokwisha kuhitimu walikuwa wametawanyika na mikeka yao, wakidhani ni wao tu wasiouweza moto wa elimujoto.

Alimkuta Ng'washi getini.

"Njoo kesho asubuhi. Nitakufundisha elimujoto mimi mwenyewe, na mtihani utaufanya. Ni somo gumu, mwanangu. Huenda ukafeli."

Ng'washi alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Sasa naruhusiwa kufeli?"

Tusekile aliitikia kwa kichwa.