Albina na Kibofu Alichozaliwa Nacho

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, nyumba zilijengwa kwa safu, mlango ukitazamana na mlango. Kule tulikotoka, kila mtu alikaa mbali na mwenzake. Sasa jirani akikohoa, unamsikia. Hata hivyo, asubuhi za siku zile ninazikumbuka kwa upendo. Upepo wa baridi ulivuma, moshi ulitoka katika kila paa, na sisi wanawake tulikwenda pamoja shamba la kijiji, tukiimba, tukafukia majani kwenye matuta.

Mjukuu wangu Albina alikuwa na miaka saba. Tangu azaliwe, mkojo ulimtoka wenyewe, usiku na mchana. Zamani mama yake, mwanangu Kristiana, alianika mkeka nyuma ya nyumba, na hakuna aliyeuona. Katika kijiji kipya kila mtu aliuona.

"Mama Albina," jirani mmoja alisema akicheka, "binti mkubwa hivi bado anamwagilia bustani?"

Kristiana aliukunja mkeka, akaingia nao ndani. Tangu siku ile alikausha mkeka ndani, karibu na moto. Alimkataza Albina kucheza nje. Na ikifika mchana, hakumpa tena maji wala uji. "Asipokunywa, hatajikojolea," alisema.

Mwaka ule serikali ilitangaza kwamba watoto wote wa miaka saba waanze shule. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kalisti, alipita nyumba kwa nyumba kuwaulizia.

"Huyu ni mgonjwa," Kristiana alimjibu. "Labda mwakani."

Albina alisikia. Alijikunja nyuma ya mlango. Nilipomletea karanga, alisogea mbali nami.

"Bibi, usinikaribie. Mimi ninanuka."

Nilikaa chini karibu naye. Hakuzila zile karanga.

Baada ya siku chache alishikwa na homa, na alilia kila alipokojoa. Baba yake, Zenon, alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Mimi na Kristiana tukafuata nyuma.

Muuguzi pale aliitwa Sekela, mwenyeji wa Mbeya. Aliniamkia, "Shikamoo, bibi," kisha akachuchumaa mbele ya Albina na kumshika mkono. Wengi walikuwa wakiongea juu ya kichwa cha mtoto yule. Sekela aliongea naye.

"Albina, unakunywa maji ya kutosha?"

Albina alimtazama mama yake.

"Ninamnyima," Kristiana alisema kwa sauti ndogo. "Asijikojolee."

"Ninakuelewa, mama. Wengi hufanya hivyo. Lakini asipokunywa, mkojo unakuwa mchache na mzito, na vijidudu vinapata nafasi ya kukaa kwenye kibofu. Ndipo homa kama hii inapokuja. Mpe maji."

"Lakini nani amemfanyia hivi? Watu wanasema mengi."

"Hakuna mtu aliyemfanyia. Kibofu ni kama kibuyu cha kutunzia mkojo. Watoto wengine huzaliwa kibofu chao hakifungi vizuri. Siyo uvivu, siyo laana, wala si ugonjwa wa kuambukiza."

Albina akauliza, "Kwa hiyo siyo kosa langu?"

"Siyo kosa lako hata kidogo."

Hapo mtoto akalia kwa kwikwi. Kristiana alimvuta, akamkumbatia na nguo zake zilizolowa, mbele ya watu wote.

Sekela alisubiri. Kisha akasema, "Dawa ya homa ninayo. Kwa ajili ya kibofu, mpelekeni hospitali ya Sumbawanga wakampime. Lakini anaumia rohoni pia. Amefichwa, sasa anajiona mchafu. Msimgombeze. Muulizeni anajisikiaje, na mmsikilize. Na aende shule."

"Watamcheka," Zenon alisema.

"Huenda wachache wakamcheka. Akifichwa, atajicheka mwenyewe kila siku. Aende chooni mara kwa mara, hata kama hajabanwa. Abebe vitambaa na nguo safi. Mwambieni mwalimu. Na mfundisheni mtoto jinsi ya kuwajibu wanaouliza."

Tulipanda lori la mahindi mpaka Sumbawanga. Daktari alimpima, akatupa tarehe ya kumrudisha. Alisema hatapona upesi, lakini ataishi vizuri akitunzwa. Kristiana alikata khanga kuukuu, akashona vitambaa. Alimfundisha Albina kuvifua kwa sabuni, wakawa wanafua pamoja wakipiga soga.

Mwalimu Fanueli alimkalisha karibu na mlango. "Ukitaka kutoka, toka tu," alimwambia. "Usiniombe ruhusa." Mpaka leo ninamshukuru mwalimu yule.

Siku moja nilimpelekea Albina nguo safi. Mwalimu alikuwa ofisini. Nikiwa nje ya dirisha la darasa, nilimsikia Theodory, mtoto wa jirani, akisema kwa sauti, "Mbona huyu hutoka bila kuomba ruhusa? Na kifurushi chake kina nini?"

Darasa lote likamgeukia Albina. Nilitaka kuingia, nikajizuia.

Albina alisimama. "Nilizaliwa na kibofu kisichofunga," alisema. "Wewe ulizaliwa na mdomo usiofunga."

Watoto waliangua kicheko. Theodory naye akacheka, akijifunika uso kwa mikono.

Dominika, aliyekaa naye dawati moja, alichukua kile kifurushi. "Nikusindikize?"

"Njoo. Lakini uwe na mbio."

Nilipofika mlangoni, walinipita wakikimbia. Hawakuniona. Niliacha zile nguo juu ya dawati lake, nikarudi zangu shambani.