Alinikana Jukwaani, Nikampa Nafasi ya Kwanza

— Ukisimama pale ukasema ndiyo, umeniua, Viviane.

Ngoy aliniambia hayo nyuma ya ukumbi wa parokia, mgongo wake uking'aa mafuta, namba tano imeshonwa kwenye slipu, chupi yake nyeusi ya mashindano. Mimi nilikuwa nimevaa beji ya mwamuzi. Kanuni ilikataza mshindani kuzungumza na mwamuzi kabla ya shindano, na sisi tulisimama karibu hata pumzi zetu zikachanganyika.

— Papa Déogratias, mwamuzi mukuu, atatuuliza, nikasema. Mwamuzi mwenye ndugu, bwana ao muchumba kati ya washindani anaondoka mezani.

— Basi unyamaze. Hakuna muntu anajua.

— Njo ile, ndiyo hiyo inaniuma. Hakuna muntu anajua.

— Nishinde leo, niende kushindana Lubumbashi. Nikirudi na jina, nitaenda kwa papa yako. Sasa niende na nini? Na mikono mitupu?

— Papa yangu hajawahi kuomba kombe. Hata hajui kama uko duniani.

Wakaita washindani. Ngoy akanitazama mara moja, akaingia ndani.

Ilikuwa mwaka wa themanini na sita. Kwenye karatasi za serikali majina ya ubatizo yalikatazwa, lakini sisi wa Kalemie, kando ya ziwa, tuliitana kama mama zetu walivyotuita. Nilifanya kazi hospitali, kunyoosha viungo vya wagonjwa. Ngoy alikuwa bandarini, akiunganisha mabehewa ya treni, na siku moja mnyororo ulimvuta bega. Hivyo ndivyo alivyofika mikononi mwangu. Bega lilipona, yeye akaendelea kuja. Kwa miaka miwili tulipendana kama wezi: tukikutana karibu na daraja la mto Lukuga, na kila mmoja akirudi kwa njia yake.

Alinyanyua vipande vya reli na madebe yaliyojaa saruji, nyuma ya nyumba yake kule Lubuye. Papa Déogratias alipokuja kutoka Lubumbashi kuandaa mashindano ya kulturisme, ya wanaume wenye kujenga misuli, mmoja wa waamuzi wake watano alishikwa na malaria. Akaomba hospitali impe mtu anayejua mwili wa binadamu. Wakanitaja mimi. Nilimuuliza Ngoy kwanza.

— Kubali, alisema. Kabla ya Jumamosi nitakuwa nimefika kwa papa yako. Utasema wazi, utatoka mezani, na yote yatakuwa sawa.

Jumamosi ilifika. Kwa papa hakufika.

Ukumbi ulijaa. Papa yangu, Papa Élisée, machinisti, dereva wa treni aliyestaafu, alikaa safu ya pili na marafiki zake. Alikuwa amevaa abacost yake ya sikukuu, ile suti isiyovaliwa tai, kuja kumwona binti yake kwenye meza ya waamuzi. Wanaume saba walipanga mstari jukwaani. Papa Déogratias akashika mikrofoni.

— Citoyens, citoyennes, wananchi wote. Kabla hatujaanza nauliza waamuzi wangu mbele yenu wote. Kuna mwenye ndugu hapa juu? Mwenye bwana, ao muchumba?

Wenzangu wanne walitikisa kichwa mmoja baada ya mwingine. Ikafika kwangu. Nilimtazama papa yangu, nikaona furaha yake, na nikajua siwezi kusema uongo mbele ya uso ule. Nikasimama.

— Niko naye, Papa Déogratias. Namba tano ni muchumba wangu.

Ukumbi ukavuma. Papa Déogratias hakushtuka. Aliinua mkono watu wanyamaze.

— Aksanti kwa kusema ukweli. Basi utatoka, mimi nitakaa kiti chako. Citoyen Ngoy, njo hivyo?

Lilibaki neno moja tu la kujibu. Niliona macho ya Ngoy yakienda kwa papa yangu, ambaye alikuwa ameanza kuinuka kitini. Yakaenda kwenye kombe. Yakaja kwangu, yakashuka chini.

— Hapana, Papa. Alinitibu bega tu. Ni munganga wangu.

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja nyuma akasema, Masikini, ameota. Papa yangu alikaa chini polepole, kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya.

— Citoyenne, akasema Papa Déogratias kwa sauti ya chini, bila mikrofoni. Wewe unasema ndiyo, mwanaume anasema hapana. Mimi siwezi kuingia nyumbani mwenu. Unatoka ao unabaki?

Kutoka kungekuwa kupita katikati ya kicheko kile mpaka mlangoni.

— Nabaki.

— Utamuhukumu kwa haki?

— Nitauhukumu mwili. Muntu mwenyewe nimeshamaliza.

Nikaketi. Nikashika kalamu, na wazo likanijia wazi kabisa: mweke wa saba. Nani angenilaumu?

Lakini Papa Déogratias alikuwa ametufundisha vizuri jioni za juma lile. Usiangalie sura, alisema. Usisikilize makofi. Mkubwa kuliko wote si lazima awe wa kwanza. Tafuta mwili unaopatana, mabega na kiuno, kifua na mapaja, kama wimbo ambao hakuna mwimbaji anayewafunika wengine. Walisimama kwanza bila kukaza misuli, mbele, ubavu, mgongo. Kisha mikao ya lazima. Mwisho kila mmoja na muziki wake.

Washindani wa kweli walikuwa wawili, Ngoy na Floribert, muoka mikate wa mtaa wa Kataki. Floribert alikuwa na miguu kama nguzo za kanisa. Ngoy alipogeuka akafungua mgongo, ukumbi mzima ulitoa sauti moja. Lile bega nililokuwa nimelirudisha mwenyewe, kwa vidole vyangu, lilikaa sawa na lenzake. Nililitazama muda mrefu nikitafuta kosa. Sikuliona.

Nikaandika moja mbele ya namba tano.

Desturi ya Papa Déogratias ilikuwa kusoma alama za kila mwamuzi wazi, ili mtu asinung'unike. Waamuzi wawili walimweka Ngoy wa kwanza, wawili Floribert. Yangu ikasomwa mwisho.

— Mwamuzi wa tano. Wa kwanza, citoyen Ngoy.

Wafuasi wa Floribert wakapiga miluzi.

— Si alisema ni munganga wake tu?

— Mwanamke amekataliwa, bado anamununulia kombe.

Ngoy alipokea kombe. Hakuliinua juu kama washindi wanavyofanya. Alilishika tumboni.

Nyumbani papa alingoja mpaka chakula kikae mezani.

— Mutoto wangu, yule kijana ni nani kwako?

— Nilidhani ni muchumba, Papa. Miaka miwili nilidhani hivyo.

— Na bado ukamuweka wa kwanza?

— Mgongo wake ulikuwa wa kwanza, Papa. Ningefanya nini?

Alinitazama, kisha akanisogezea bakuli la samaki kama alivyofanya nilipokuwa mdogo.

— Basi mimi sina aibu, akasema. Kula.

Jumatatu niliitwa kwenye simu ya hospitali.

— Viviane, usikate. Niko kwa biro, ofisi ya bandari, wameniazima simu.

— Hii simu ni ya wagonjwa.

— Nimekosa. Niliogopa kupoteza alama yako, nikapoteza wewe. Tangu ile siku silali. Nisamehe.

— Ngoy, unanikubali kwa simu. Ulinikataa kwa mikrofoni.

Nikakata. Nililia kwenye chumba cha mashuka, nikanawa uso, nikarudi kwa wagonjwa wangu.

Juma lile lilikuwa baya. Sokoni walinong'onezana nikipita. Mgonjwa mmoja aliniuliza kama kweli nilipewa pesa. Mkurugenzi aliniita akasema kwa upole kwamba jina la hospitali limeingia midomoni mwa watu. Nilikuwa nimesema ukweli na kuhukumu kwa haki, na mbele ya mji nilionekana mjinga na mwongo pamoja.

Jumamosi iliyofuata tuliitwa tena ukumbini, Ngoy akabidhiwe tikiti yake ya treni ya Lubumbashi. Nilikwenda kwa sababu waamuzi wote walitakiwa kuwepo. Papa alinisindikiza. Ngoy aliingia na kombe limefungwa kitambaa, akapanda jukwaani kabla hajaitwa.

— Papa Déogratias, naomba kusema.

— Sema.

— Siku ile uliniuliza nikadanganya. Viviane ni muchumba wangu tangu miaka miwili. Nilimukana juu nilitaka alama yake. Yeye alisema ukweli, na mukamucheka juu yangu. Hakuninunulia kitu. Kama kuna mwenye deni la aibu hapa, ni miye.

Hakuna aliyecheka. Papa Déogratias alivua miwani, akaifuta kwa muda.

— Unajua kanuni inasema nini?

— Najua, Papa.

— Alama ya citoyenne inaondoka, yangu inaingia. Na mimi nilimuona Floribert wa kwanza, juu ya miguu. Na wewe, kwa kumudanganya mwamuzi mukuu, mwaka mzima haupandi jukwaa lolote.

— Njo sawa.

Ngoy akashuka, akamfungulia Floribert kombe, akampa kwa mikono miwili. Floribert alilipokea akionekana kama mtu aliyeokota kitu cha jirani.

— Kaka, mgongo wako ningeuiba, akasema.

— Na miye miguu yako. Nenda utuwakilishe.

Kisha akaja mpaka pale tulipoketi. Sikujua nitazame wapi. Yeye hakusema na mimi. Aliinama mbele ya papa.

— Papa Élisée, shikamoo. Naitwa Ngoy. Naomba ruhusa nije kwako na baba yangu mudogo.

— Marahaba. Kuja ni bure, papa akasema. Kujibiwa, utaona huko.

Alikuja mwezi uliofuata na baba yake mdogo, Papa Pierre, aliyeshuka kutoka kwao Kirungu na gunia la maharagwe na jogoo mwenye hasira. Walipomaliza salamu na maneno marefu ya wazee, papa aliniita.

— Hawa wanasema wanataka ua la nyumba hii. Mimi sitajibu. Wewe njo ulicheka na kulia. Jibu wewe.

Nilimgeukia Ngoy. Alikuwa amekonda. Shati lilimlegea mabegani.

— Nilikuweka wa kwanza nikiwa nimekuchukia, nikamwambia. Unajua ile?

— Najua. Njo ile ilinitoa kitandani kwenda kusema.

— Sitaki kufichwa tena. Hata siku moja, hata kwa sababu nzuri.

— Sitakuficha.

— Na sitaki haraka. Uje hapa kila Jumapili, mchana, mlango wa mbele, mpaka niwe nimekuamini.

— Nitakuja.

Alikuja. Jumapili za mvua alikuja na viatu mkononi. Majirani wakazoea, papa akazoea hata akawa anamwekea kiti kabla hajafika, na mimi, sijui ilikuwa Jumapili gani, nikagundua tangu asubuhi nimekuwa nikisikiliza mlango.

Tulifunga ndoa kiangazi, Agosti. Floribert, aliyerudi kutoka Lubumbashi bila ushindi lakini na hadithi za kutosha, alioka mikate ya sherehe na hakutaka malipo. Papa Déogratias alitutumia salamu kupitia machinisti wa treni.

Siku ya tatu baada ya harusi tulipanda meli kwenda Moba, kisha Kirungu, ili mama yake Ngoy aliyekuwa mgonjwa aweze kuniona. Ziwa lilichafuka mara tu tulipoacha bandari. Mume wangu, aliyenyanyua vipande vya reli, alishika ukingo wa meli akatapika mpaka akabaki hana kitu tumboni, kisha akalala sitahani na kichwa chake mapajani mwangu, uso umepauka kama unga wa muhogo.

Mama mmoja mwenye kuuza dagaa alimtazama kutoka juu hadi chini.

— Mama, mwanaume mukubwa hivi, na maji tu yamemushinda?

— Yamemushinda, nikasema, nikamfunika kitenge changu. Muache alale. Nitamuamusha tukiona milima ya kwao.