Aliyeandikwa Ametoroka

Gunia la sare za wafanyakazi lilishuka chumba cha kufulia likiwa kavu kabisa, ila ndani yake sare moja ilikuwa imelowa chapachapa. Hapo ndipo yalipoanzia. Nguo iliyolowa mbele ya dobi si ajabu, mtu angeweza kucheka. Siku ile hakucheka mtu.

Dobi mwenyewe walimwita Pasi, maana alikuwa mwembamba na mwepesi kupata moto. Ilikuwa siku ya bahari tupu, zile siku katikati ya safari ndefu ambazo meli haigusi bandari asubuhi hadi jioni. Huko juu abiria walijilaza kwenye viti wakijipaka mafuta na kulalamika kuwa jua kali. Huku chini, chini kabisa ya usawa wa maji, pasipo hata dirisha la kuchungulia, Pasi na dada mmoja mkunjaji walizungukwa na mashine nane na milima ya mashuka.

"Hii nguo inanuka matope," dada alisema, kaishika kwa vidole viwili. "Matope ya wapi, na tuko bahari kuu?"

Akaigeuza kola. Kila sare ilishonewa namba ya mwenyewe. Aliisoma, akaiweka mezani polepole.

"Pasi. Hii si ya mdogo wako?"

"Mdogo wangu alitoroka. Atakuwa aliisahau mahali."

"Ameisahau miezi miwili, na bado imelowa?"

"Dada, kunja taulo, tafadhali."

Dada akakunja. Kwa kawaida alikuwa akiimba akikunja. Asubuhi ile aliacha.

Sasa tuseme ukweli, maana Pasi hakuusema. Mdogo wake hakutoroka. Alikuwa msafishaji wa sitaha, na siku moja, miezi miwili nyuma, waliambiwa ubavu wa meli usuguliwe haraka kabla abiria hawajatoka kutazama machweo. Kijana akaning'inizwa nje bila mkanda, kwa kuwa mkanda unachelewesha kazi. Pasi alikuwa amepanda kupunga upepo. Alimwona akianguka, akaona mkono mmoja juu ya maji, kisha hakuona kitu. Kesho yake afisa wa wafanyakazi akamwekea karatasi: mfanyakazi huyu ameshuka bandarini na begi lake, ametoroka, kaka yake ameshuhudia. "Utie saini," afisa alisema, "au ushuke wewe." Pasi akatia. Kisha akampigia mama yao na kumwambia hivyo hivyo, kwamba mwanao wa mwisho yu hai, amekimbilia zake, vijana wa siku hizi ndivyo walivyo. Tangu hapo mama anaishi peke yake na swali moja tu kwenye simu: "Mwenzio hajapiga?" Na Pasi hujibu kwamba hajapiga. Laana kubwa hiyo, na kila wiki aliimeza na chai.

Aliitia ile sare mashine namba tatu, maji ya moto, sabuni mara mbili. Ikatoka ina baridi na matope. Akaitia kwenye kikaushio nusu saa. Ikatoka inachuruzika.

"Mimi naenda kula," dada alisema. Ilikuwa bado saa nzima kabla ya chakula cha mchana, lakini hakungoja kujibiwa.

Pasi akabaki peke yake. Akazima mashine namba tatu, akachomoa na waya wake ukutani, akageuka kuchukua mashuka. Ndipo akasikia ngo, ngo, ngo, kutoka ndani ya mashine, taratibu, kama mtu mwenye adabu anayebisha hodi. Akajiambia ni bomba. Akajiambia ni mawimbi. Akajiambia mengi, lakini harufu ya matope ilikuwa imeshakijaza chumba hadi sabuni haisikiki tena, na sakafuni maji yalitambaa kumfuata kila aliposogea, na nyuma ya kioo cha mlango wa mashine ulionekana mkono mweupe uliovimba ukiwa umebandikwa, na sauti aliyoilea yeye mwenyewe, aliyoifundisha hata kusema jina lake, ikamwambia kwa upole:

"Kaka, nifungulie. Si ulisema niko hai?"

Pasi akapanda ngazi nne bila kupumua.

Alimkuta Mzee Brashi, mpaka rangi wa meli, akikwangua kutu. Ndiye waliyemwendea wafanyakazi wakipatwa na mambo yasiyo ya daktari. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akaweka brashi chini.

"Mdogo wako kapumzika, huyo si yeye," alinong'ona. "Huyo ni jini wa kilindini. Huokota sura za waliozama, lakini hawezi kuzivaa kama wenye maiti wamekiri msiba. Wewe umekana. Umeandika kabisa kuwa mtu wako yu hai."

"Mzee, nisomee. Mtoe."

"Kusoma nitasoma, lakini kisomo changu kitamfungua tu. Wewe ndiye utakayemtajia mahali pa kwenda. Sema mdogo wangu amekufa, amezama, basi atarudi kilindini, maana sura itamtoka. Na useme mbele ya huyo aliyekulazimisha kutia saini."

"Mbele ya afisa? Si nitashushwa!"

"Utashushwa." Mzee akatazama viatu vyake. "Mimi nilikuwa mwisho wa pili wa sitaha siku ile, nikamwona akianguka. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujipeleka. Usidhani nakuhubiria."

Wakamwita afisa kwa kisingizio kuwa mashine imevuja. Akaja na viatu vyake vyeupe, akasimama kizingitini asije akavilowesha. Mzee Brashi akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Mlango wa mashine namba tatu ukafunguka wenyewe. Afisa aliona maji tu. Pasi aliona kichwa kikitoka, nywele zikiwa na mchanga, kisha mabega, kisha uso wa mdogo wake, mzima kabisa isipokuwa macho, ambayo hayakujua kufumba.

"Haya, mna nini?" afisa akasema. "Wewe dobi, sema. Nina kazi."

"Sema," Mzee akanong'ona.

Pasi akafungua kinywa. Akamtazama yule wa kwenye maji, akatazama vile viatu vyeupe, akaona bandari ngeni, yeye na begi lake, hana kazi wala pa kwenda. Moyo ukamsaliti, na si mara ya kwanza.

"Hakuna kitu, bosi. Nilikuwa naulizwa habari za mdogo wangu. Alitoroka. Alienda nyumbani." Kisha, kwa hofu, akakigeukia kile kiumbe akakipigia kelele: "Uko nyumbani! Nenda nyumbani kwa mama!"

Uso ule ukatabasamu. Maji yakakauka sakafuni, harufu ikakatika, mashine ikabaki tupu.

"Pigeni deki," afisa alisema, akaondoka.

Pasi alicheka kwa kuishiwa nguvu. Kisha akamwona Mzee Brashi ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Umemtajia wapi, wewe? Umemtajia wapi?"

Simu ya wafanyakazi ilikuwa mwisho wa korido. Mama alipokea mara moja, akicheka, na Pasi alikuwa amesahau kuwa mama yake hucheka hivyo.

"Umejuaje? Mwenzio ameingia sasa hivi! Mwanangu, Mungu akuweke, wewe peke yako uliniambia yu hai. Majirani walinicheka."

"Mama, toka nje. Sasa hivi. Usimguse, toka."

"Nitoke vipi? Kashafunga mlango, anasema ana baridi."

Simu ikakatika. Akapiga tena, na tena. Ndipo akakimbilia mlango wa afisa akaupiga kwa ngumi, akilia kwamba mdogo wake amekufa, amezama, alimwona kwa macho yake mawili. Korido nzima walimsikia. Mlango ukafunguliwa kidogo, afisa akamwambia apunguze sauti, abiria wamepumzika.