Nusu ya Wavu wa Leonida

Habari hii nilipewa na Celestine, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, mwaka jana mvua ilipochelewa. Alikuja kunipima presha, akakaa mpaka chai ikapoa.

Leonida alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, ufukweni Kisegi. Kila asubuhi alitandaza wavu wake mchangani, akamwaga omena, kisha akafungua redio. Redio ilisema habari za vita vya Kongo. Akaizima. Akaifungua tena. Watu wanakimbia na watoto mgongoni, na yeye amekaa tu na fimbo, anafukuza korongo wasile omena. Chakula kikawa hakipiti. Usingizi ukampaa.

Na hapo hapo ufukweni alikuwepo mwanamke aliyekimbia vita hivyo. Jina lake Sifa. Alikuwa na binti mmoja mdogo. Wanawake walimwita "mkimbizi." Hakuwa na nafasi mchangani, maana pale mwanamke hupewa kipande chake na mama mkwe, na Sifa hakuwa na mkwe Kisegi. Alianika juu ya mawe kando ya njia. Bata walidonoa, vumbi likaingia, na wanunuzi walimpa bei ya chakula cha kuku.

Siku moja Leonida alishindwa kuvumilia. Kanisa lake lilikuwa linakusanya msaada wa kupeleka Kongo. Akamwendea Sifa mbele ya wanawake wote, akamuuliza mumewe alikufaje, na yeye mwenyewe alifanyiwa nini. Sifa akaanza kulia. Leonida akampiga picha akilia, akaituma kwenye kikundi cha simu cha kanisa, ili watu waguswe na kutoa.

Kesho yake mawe yalikuwa matupu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Leonida akasikia kwamba Sifa anafunga vitu vyake, anataka kuhama, na hajui aende wapi.

Leonida akakimbilia kwa Celestine. Alipewa kiti, hakukaa.

"Mimi nilimhurumia," alisema. "Sasa kosa langu ni lipi?"

"Nyar Asumbi, kaa chini kwanza," Celestine akamwambia. Nyar kwa Kijaluo ni "binti wa." Huku kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kule alikotoka.

Leonida akakaa ukingoni mwa kiti.

"Huruma unayo. Lakini ulimwanika kama omena."

Kisha Celestine akamweleza pole pole. Mtu aliyeumizwa halazimishwi kusimulia. Akitaka, atasema mwenyewe, nawe usikilize, usiyapeleke kwa mwingine. Picha yake huombwa kwanza, na akikataa, basi. Picha hiyo yaweza hata kuwafikia wale aliowakimbia. Msaada wa kwenda mbali ni mzuri, ila upitie shirika linalojulikana. Na redio ya vita isikilizwe mara moja kwa siku, kwa sababu moyo nao huchoka.

"Ulimuuliza anahitaji nini?"

"Sikumuuliza."

"Basi nenda ukamuulize hilo moja."

Leonida alianza na simu. Alifuta picha, akawaomba wote wafute, na waliochelewa akawapigia mmoja mmoja. Ndipo akaenda kwa Sifa. Alikuta mzigo umeshafungwa, uko mlangoni.

"Nilikukosea," alisema. "Picha nimeifuta. Sitakuuliza mambo ya huko. Unahitaji nini hapa?"

Sifa aliketi juu ya mzigo wake.

"Mama, sitaki unililie. Nataka mahali pa kuanikia."

Asubuhi iliyofuata Leonida alikunja nusu ya wavu wake. Sifa akatandaza wake pale palipobaki wazi. Wanawake walinung'unika. Nyasuguta, mwenye mdomo kuliko wote, aliuliza kama kesho italetwa Kongo nzima.

"Wewe ni nyar Kisii," Leonida akamjibu. "Mimi ni nyar Asumbi. Huyu ni nyar Kongo. Nani kati yetu alikuja na mchanga kutoka kwao?"

Mmoja akacheka, kisha wengine. Nyasuguta akasogeza karai lake kidogo, kumpisha Sifa.

Celestine naye alimsindikiza Sifa kwenye ofisi ya serikali inayoandikisha wakimbizi, maana sheria inamlinda aliyekimbia vita. Msaada wa kanisa ulienda Kongo bila picha ya mtu. Na omena ya Sifa sasa ilikauka safi, inang'aa. Wanunuzi walilipa bei ya chakula cha watu.

Mchana mmoja jua lilikuwa kali. Binti wa Sifa alilala chini ya leso. Macho ya Leonida yakawa mazito. Pale ufukweni hulali hivi hivi, labda uwe na mtu unayemwamini na omena yako. Sifa akamtoa fimbo mkononi.

"Lala, mama. Korongo niachie mimi."

Leonida alilala usingizi mzito. Alipoamka kivuli kilikuwa kimehama. Sifa alikuwa ameketi vilevile, mgongo kwenye mawe, uso kwa watu. Tangu aje, hakuna aliyewahi kumwona akifumba macho pale.

Leonida alinyoosha mkono kuomba fimbo. Kwanza Sifa hakuiachia. Kisha akampa, akajinyoosha kando ya binti yake, akalala.